Uliza Kwanza, Kisha Useme

(Mazungumzo ya redio juu ya vijana wetu na bangi, yaliyopigwa chapa kwa ombi la wasikilizaji)

 

Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini nyuma ya kanisa, ibada ikiisha. Jambo lenyewe ni bangi, na watoto wetu. Ikiwa kijana wako yu karibu nawe sasa, usimwite aje asikie kwa lazima, wala usizime redio kwa haya. Maneno ya leo ni yako wewe mzazi, na yetu sisi wachungaji.

Na tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parishi tuliyoitumikia, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitujia Jumatatu asubuhi akilia. Alikuwa akifua suruali ya shule ya mwanawe mwenye umri wa miaka 16, akakuta mfukoni msokoto wa bangi. Tukamwambia amlete kijana jioni. Walipofika tukamketisha, tukafungua Biblia, tukahubiri. Tulimweleza habari za jehanamu, habari za jela, habari za wendawazimu, na habari za machozi ya mama yake. Tulisema zaidi ya nusu saa. Kila tulipovuta pumzi, yeye alijibu, "Ndiyo, mchungaji." Mwishoni tukaomba, akaitikia Amina, akaenda zake. Mama akatushukuru sana, nasi tukajiona tumefanya kazi njema.

Kabla ya mwezi kwisha kijana alitoroka nyumbani. Alikaa mjini na rafiki zake miezi mitano. Aliporudi alikuwa amekonda, naye alitujia mwenyewe bila kuitwa. Safari hii tulikuwa tumenyenyekea kidogo. Tukamwuliza, "Siku ile ungetaka tukuambie nini?" Akafikiri kwa muda, akajibu, "Wewe na mama hamkuniuliza kitu, mchungaji."

Ndugu, alisema kweli. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo kijana alikuwa halali usiku. Rafiki alimwambia kwamba bangi ingemletea usingizi, naye akaijaribu, ukaja. Sisi ndio tuliomzika baba yake. Lakini hatukuwahi kumwuliza mwanawe, "Walalaje?"

Mungu aliuliza kwanza

Tukisoma sura ya 3 ya kitabu cha Mwanzo, twaona kwamba Adamu alipokosa alijificha. Mungu alijua yote, wala hakuhitaji habari kutoka kwa mtu. Hata hivyo alianza kwa kumwuliza yuko wapi. Hukumu ilikuja baadaye, lakini swali lilitangulia, na Adamu akapewa nafasi ya kusema. Ikiwa Mungu ajuaye yote aliuliza, sisi tusiojua hata mtoto ameficha nini mfukoni twawezaje kuanza na hukumu?

Wengine watasema, "Mchungaji, katika nyumba yetu ya Kikristo hakuna mambo hayo." Twawasihi wasikie. NACADA, mamlaka ya serikali yetu ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilifanya uchunguzi nchini mwaka 2022. Ilionekana kwamba katika kila watu 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mtu 1 alikuwa akitumia bangi wakati huo. Jumla yao ilipita 500,000. Kama kanisa lako lina watu 200 wa umri huo siku ya Jumapili, na kama wanafanana na nchi nzima, basi watu watatu au wanne katika viti vile wanaijua bangi kwa vitendo. Huenda mmoja wao ameshika kitabu cha nyimbo kando yako. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Tuseme kweli, wala tusitie chumvi

Mzazi anayetaka kuzungumza na kijana hana budi kujua anachosema. Kijana akitukamata katika uongo mmoja, hatatusadiki tena hata tukisema kweli kumi.

Ndani ya bangi mna kemikali iitwayo kwa kifupi THC. Wataalamu wawili, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, waliitenga mwaka 1964 huko Israeli. Baadaye ikajulikana kwamba ubongo wa mwanadamu una mahali maalumu pa kuipokea, kama tundu za kufuli. Mwaka 1992 ikagunduliwa kemikali ambayo mwili hujitengenezea wenyewe kwa ajili ya kufuli hizo, ikaitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Muumba wetu ameweka ndani yetu ufunguo mdogo, unaosaidia katika kumbukumbu, njaa, maumivu na utulivu. THC ni kama ufunguo wa bandia. Huingia katika kufuli ile ile, huifungua kwa nguvu, na hukawia humo. Ikitiwa kila siku, kufuli hulegea. Ndipo kijana huhitaji bangi nyingi zaidi ili apate utulivu ule ule, na pasipo bangi huona dunia nzima haina ladha.

Jambo la pili ni umri. Ubongo haumalizi kujengwa mpaka mtu akaribie miaka 25. Sehemu ya mbele, ambayo hutuwezesha kupima mambo na kujizuia, ndiyo hukomaa mwisho. Fundi ajuaye kazi yake hapandishi mizigo juu ya ghorofa ambayo saruji yake haijakauka. Kwa sababu hiyo hatari ya kijana ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Katika watu wote waliowahi kutumia bangi, karibu 1 katika 10 hunaswa na uraibu. Miongoni mwa wale walioanza katika ujana wao, ni karibu 1 katika 6.

Jambo la tatu ni akili. Mwaka 1987 wataalamu wa Uswidi walitoa habari za vijana 45,570 walioandikishwa jeshini, ambao hali yao ilifuatwa kwa miaka 15. Wale waliokuwa wametumia bangi zaidi ya mara 50 walipatikana na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara 6 kuliko wale wasioitumia. Hiyo ni hatari kubwa. Lakini tuseme kweli yote: wengi wa watumiaji hao hawakuugua. Basi tukimwambia kijana kwamba msokoto mmoja utamtia wazimu kesho, naye amewaona wenzake waliovuta wakaamka salama, ataona sisi ndio waongo. Tumwambie hivi: "Hakuna ajuaye kabla ya wakati ni nani atakayeumia. Tena katika ukoo ambao umekuwa na ugonjwa wa akili, hatari huzidi." Kijana mwenye akili atalipima neno hilo.

Jambo la nne, bangi ya leo si ile mzee wako aliyoisikia zamani. Huko Marekani, bangi iliyokamatwa na kupimwa mwaka 1995 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi. Ilipofika mwaka 2014 ilikuwa asilimia 12 hivi. Tena siku hizi hutiwa katika biskuti na keki, isiyo na moshi wala harufu ya kumshtua mwalimu. Bangi iliyoliwa hukawia kuanza kazi, pengine nusu saa, pengine saa mbili. Mtoto asiyejua hula kipande, haoni kitu, hula cha pili na cha tatu, kisha vyote humpata kwa pamoja.

Jinsi ya kuanza mazungumzo

Kwanza, chagua wakati. Usianze ukiwa na hasira, wala usianze kijana akiwa amelewa. Ngoja asubuhi. Tena si lazima mketi mkitazamana kama hakimu na mshtakiwa. Mwende pamoja shambani, mchume majani chai, mpalilie mahindi, au mtembee kwenda sokoni. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea.

Pili, uliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au la. "Mwanangu, shuleni kwenu watu husema nini juu ya bangi?" Kisha, "Umewahi kupewa? Ulijibu nini?" Na ikiwa umekwisha kujua kwamba anatumia, uliza, "Hukusaidia kwa jambo gani? Na imekugharimu nini?" Ukiisha kuuliza, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka 10. Sisi wazazi, na zaidi sisi wachungaji, hatuwezi kuvumilia kimya, kwa hiyo huyajibu maswali yetu wenyewe. Bwana wetu alipokuwa na umri wa miaka 12, Luka asema, alikutwa hekaluni kati ya walimu akisikiliza na kuuliza. Yeye alisikiliza walimu. Je, sisi hatuwezi kumsikiliza mtoto?

Tatu, usibishane. Mwaka 1983 mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, William Miller, aliandika juu ya njia ya kuzungumza na watu wenye shida ya pombe. Aliona kwamba mtu akisukumwa husukuma naye, lakini akiulizwa kwa heshima hutaja mwenyewe sababu za kubadilika. Njia hiyo sasa hutumika kwa bangi pia, na mzazi aweza kujifunza sehemu yake. Mwulize kijana, "Kutoka 0 hadi 10, waona ni jambo la maana kiasi gani kwako kuacha bangi?" Akisema 3, usimkemee. Mwulize, "Mbona hukusema 0?" Hapo atakuambia kwamba alikosa mazoezi ya mpira, au kwamba pesa humwishia, au kwamba dada yake mdogo alimwogopa. Hizo ni sababu zake mwenyewe, nazo zina nguvu kuliko zako.

Nne, sikiliza, lakini weka sheria. Kusikiliza si kukubali. Kuhani Eli aliwasikia wanawe, akawaambia maneno, lakini hakuwazuia, na nyumba yake ikaangamia. Kwa upande mwingine, Daudi alimrudisha Absalomu Yerusalemu, lakini kwa miaka miwili hakutaka kumwona uso. Mwana alikaa mji mmoja na baba yake bila neno, nasi twajua mwisho wake. Tusiwe Eli, wala tusiwe Daudi wa siku zile. Sema wazi: "Katika nyumba hii bangi haiingii. Ukiteleza, uje uniambie. Sitakufukuza, wala sitafanya kama kwamba si kitu." Na ukiahidi kwamba atanyimwa pesa za mkononi kwa majuma mawili, yawe majuma mawili, si siku mbili wala miezi miwili. Methali moja husema mtoto akililia wembe mpe. Kwa jambo hili tusiifuate, maana wembe huu haukati kidole tu.

Kijana atakapobisha

Atasema, "Baba, bangi ni mmea ulioumbwa na Mungu." Mjibu kwa upole kwamba mbarika nao ni mmea wa Mungu, lakini mbegu zake zina sumu ya kuua. Kuumbwa kwa kitu hakutuambii kila mtu akitumie vipi.

Atasema, "Hata Ulaya na Marekani imeruhusiwa." Usikane, maana ni kweli kwa baadhi ya nchi na majimbo. Kanada iliruhusu mwaka 2018. Lakini mwambie kwamba hata huko sheria huwazuia walio chini ya miaka 18, na katika mikoa mingi ni miaka 19. Katika majimbo ya Marekani yanayoiruhusu kwa starehe, umri ni miaka 21. Wale walioifungulia wakubwa mlango waliwafungia watoto. Hapa Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 yaikataza kwa wote, na kijana akikamatwa aweza kufikishwa mahakamani.

Atasema, "Lakini ni dawa." Kweli, mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa moja iliyotolewa katika bangi kwa ajili ya watoto wenye kifafa kikali cha aina fulani. Dawa hiyo husafishwa na kupimwa, tena haina THC ya kulevya. Msokoto wa kona ya barabara haukupimwa na mtu.

Akikushinda kwa swali usilolijua jibu, sema, "Sijui, mwanangu. Tutafute pamoja." Hutapungukiwa na heshima.

Akiwa amekwisha kufungwa

Utajuaje kwamba ni uraibu? Macho mekundu, harufu nguoni, njaa ya ghafula, pesa kupotea, alama za shule kushuka: hizi ni dalili, lakini huzuni na ugonjwa huweza kuleta baadhi yake pia, kwa hiyo uliza kabla ya kuhukumu. Dalili nzito zaidi ni hizi: amejaribu kuacha akashindwa, huvuta peke yake tangu asubuhi, ameacha kwaya, mpira na rafiki wa zamani ili apate nafasi ya bangi.

Mtu wa namna hiyo akiacha ghafula, katika siku ya kwanza au ya pili huanza kukasirika ovyo, kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula. Juma la kwanza ndilo gumu, na taabu huweza kuendelea majuma mawili au zaidi. Mzazi asiyejua husema, "Tazama, ameacha bangi na sasa ana kiburi." La, ndugu. Huo ni mwili unaodai ulichozoea. Mpe chakula kidogo kidogo, kazi ya mikono, na mtu wa kukaa naye usiku.

Hakuna kidonge kilichothibitishwa cha kuponya uraibu wa bangi. Tiba yake kubwa ni ushauri wa mtu aliyefundishwa, unaorudiwa kwa muda. Waweza kuanza katika hospitali ya kaunti yako. NACADA ina nambari ya simu, 1192, isiyo na malipo, ambako mzazi au kijana aweza kuomba shauri.

Na sikieni neno hili kwa makini. Kijana akisikia sauti zisizokuwapo, akidhani watu wanamfuata wamwue, au akisema anataka kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimfunge kamba wala mnyororo. Msimwache chumbani peke yake mkisema mtamwombea Jumapili. Mwombeeni njiani mkimpeleka. Maombi na hospitali si maadui. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu.

Na kanisa je?

Tuna neno kwa wazee wa kanisa pia. Habari za kijana kama huyu zikivuja, mara nyingi huondolewa katika kwaya, huzuiwa darasa la kipaimara, na mama yake huanza kukaa kiti cha nyuma. Hivyo twawafundisha vijana wengine wote jambo moja, nalo ni kuficha vizuri zaidi. Huenda ikafaa apumzishwe katika uongozi kwa muda. Lakini asiondolewe katika ushirika, na awepo mtu mzima mmoja, mwenye kifua cha kutunza siri, aliyepewa kazi ya kutembea naye.

Mtauliza yule kijana wetu yuko wapi sasa. Alienda kwa mshauri hospitalini kwa miezi mingi. Aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alikuja mwenyewe kutuambia kabla hatujasikia kwa watu. Sasa anajifunza useremala. Hatuwezi kuwaambia kwamba vita vimekwisha. Lakini kila tunapokutana twamwuliza lile swali tulilochelewa kumwuliza, "Walalaje siku hizi?" naye hujibu kweli, hata pale jibu lisipokuwa zuri.

Mzazi mpenzi, juma hili, kabla ya Jumapili, mtafute mwanao mahali pa utulivu. Usianze na mahubiri. Muulize swali moja, kisha ungoje.

Tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyetutafuta tulipojificha, utusamehe kwa watoto tuliowahubiria bila kuwasikiliza. Uwashike mkono vijana walionaswa na bangi usiku huu. Uwape wazazi wao uvumilivu, na walimu na matabibu wao hekima. Ulifanye kanisa lako kuwa mahali ambapo mtu aweza kusema kweli asitupwe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.